Mkataba wa London wa 1935: Ufa wa mapema katika ukuta wa kuizuia Ujerumani

JUNI 18, 1935, jijini London, Uingereza na Ujerumani zilibadilishana barua zilizoiruhusu Ujerumani kuunda upya jeshi la majini lenye ukubwa wa asilimia 35 ya lile la Uingereza. Samuel Hoare, ambaye alikuwa ametimiza siku 11 tu tangu akabidhiwe Wizara ya Mambo ya Nje, alisaini kwa niaba ya Uingereza. Upande wa pili alikuwa Joachim von Ribbentrop, mjumbe maalumu wa Adolf Hitler.

Ufaransa haikushirikishwa. Italia nayo haikushirikishwa. Miezi miwili kabla, nchi hizo mbili na Uingereza zilikuwa zimekaa meza moja na kuahidiana kwamba zitapinga kwa pamoja kila hatua ya nchi moja kujitoa peke yake katika mikataba ya amani. Wafaransa hawakukosa kuona kwamba tarehe iliyochaguliwa ilitimiza miaka 120 kamili tangu Waingereza na Waprusia wamshinde Napoleon kule Waterloo.

Habari za miaka ile husimuliwa mara nyingi kuanzia mkutano wa Munich wa mwaka 1938, na lawama zote hutupwa juu ya Waziri Mkuu Neville Chamberlain na karatasi yake aliyoipunga uwanja wa ndege. Lakini msomaji akizifuata tarehe moja baada ya nyingine, atabaini kuwa Chamberlain alirithi nyumba iliyokwisha kupasuka. Ufa mkubwa ulitokea London, miaka mitatu kabla ya Munich, pale mmoja wa walinzi wa mkataba alipokwenda kimya kimya kupatana na mvunjaji.

Kilichokatazwa Versailles

Mkataba wa Versailles, uliosainiwa Juni 28, 1919, uliliwekea jeshi la nchi kavu la Ujerumani ukomo wa watu 100,000, maofisa wakiwamo. Askari wa kawaida alitakiwa kutumikia miaka 12 mfululizo na ofisa miaka 25, ili nchi isipate mwanya wa kuwapitisha vijana wengi jeshini kwa zamu na kujiwekea akiba kubwa ya watu waliofunzwa vita. Vifaru, ndege za kivita, gesi ya sumu na nyambizi vilipigwa marufuku. Jeshi la majini liliachiwa watu 15,000 na manowari kubwa sita za kizamani.

Upande wa magharibi, ardhi yote iliyo kushoto mwa Mto Rhine, pamoja na ukanda wa kilometa 50 kulia mwa mto huo, ilitengwa iwe eneo lisilo na jeshi wala ngome. Hii ndiyo iliyokuwa kinga halisi ya Ufaransa. Maadamu Rhineland ilikuwa tupu, jeshi la Ufaransa lingeweza kuingia Ujerumani wakati wowote, na hivyo Ufaransa iliweza kuwaahidi msaada marafiki zake wa mashariki, yaani Poland na Chekoslovakia.

Mwaka 1925, kwa Mkataba wa Locarno, Ujerumani ilithibitisha tena kwamba eneo hilo litabaki bila askari, huku Uingereza na Italia zikisimama kama wadhamini. Tofauti ni kubwa. Versailles Wajerumani walilazimishwa kusaini, na tangu siku ya kwanza walikuwa wakiuita amri badala ya mkataba. Locarno walisaini kwa hiari yao, na mwaka uliofuata wakakaribishwa katika Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo.

Siri isiyokuwa siri

Si kweli kwamba ujenzi mpya wa jeshi la Ujerumani ulianza na Hitler. Jenerali Hans von Seeckt, aliyeliongoza jeshi kuanzia 1920 hadi 1926, aliwachagua na kuwafunza wale watu 100,000 kana kwamba kila mmoja angekuja kuwa kiongozi wa wengine. Mwaka 1922 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti, nchi mbili zilizotengwa na wakubwa, zilipatana kule Rapallo. Baadaye marubani wa Kijerumani walifunzwa katika mji wa Lipetsk, ndani kabisa ya Urusi, na wataalamu wa vifaru wakapata shule yao karibu na Kazan.

Mambo hayo hayakufichika kwa muda mrefu. Desemba 1926 gazeti la Uingereza la Manchester Guardian liliandika habari za ushirikiano huo, na siku chache baadaye mwanasiasa Philipp Scheidemann akasimama katika Bunge la Ujerumani na kuyaanika hadharani. Serikali ya wakati huo ilianguka, ushirikiano wenyewe ukaendelea. Mwandishi Carl von Ossietzky, ambaye jarida lake lilichapisha mwaka 1929 habari za jeshi la anga lililokuwa likijengwa kwa siri, alihukumiwa mwaka 1931 kifungo cha miezi 18 kwa kosa la uhaini. Chini ya Hitler aliwekwa katika kambi ya mateso. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1935 ilimkuta akiwa mgonjwa mikononi mwa walinzi wake, na alifariki Mei 1938.

Tume ya nchi washindi iliyokuwa ikikagua silaha ilifunga kazi Januari 1927. Majeshi ya mwisho ya kigeni yaliondoka Rhineland Juni 1930, miaka mitano kabla ya muda uliopangwa. Kwa hiyo Hitler alipoapishwa kuwa Kansela Januari 30, 1933, alikuta mlango hauna mlinzi. Oktoba 14 mwaka huohuo aliitoa nchi yake katika mkutano wa kupunguza silaha uliokuwa ukiendelea Geneva na katika Shirikisho la Mataifa pia. Adhabu haikutolewa.

Fedha zilipatikana kwa ujanja ambao hata leo wahasibu huusimulia kwa mshangao. Gavana wa Benki Kuu, Hjalmar Schacht, alisimamia kuundwa kwa kampuni iliyoitwa kwa kifupi Mefo, yenye mtaji wa marki milioni moja, isiyotengeneza hata msumari. Viwanda vya silaha vililipwa kwa hati za ahadi zilizoidhinishwa na kampuni hiyo, na Benki Kuu ikawa tayari kuzipokea hati hizo na kutoa fedha taslimu. Deni la serikali halikuonekana katika bajeti. Kufikia mwaka 1938 hati hizo zilikuwa zimefikia marki bilioni 12, na wanadiplomasia waliokuwa wakisoma bajeti ya Ujerumani kupima nguvu za jeshi lake walikuwa wakisoma karatasi isiyo na habari.

Machi ya matangazo

Machi 1935 Hitler aliona wakati wa kujificha umekwisha. Uingereza ilikuwa imetoa waraka Machi 4 ikieleza kwamba inaongeza matumizi ya ulinzi, na ikaitaja Ujerumani kuwa sababu mojawapo. Hitler alidai ana mafua na kuahirisha ziara ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, John Simon, aliyekuwa akitarajiwa Berlin. Siku chache baadaye Hermann Göring alitangaza kwamba Ujerumani ina jeshi la anga. Jumamosi ya Machi 16 likafuata tangazo zito zaidi: vijana wataandikishwa jeshini kwa lazima, na jeshi la wakati wa amani litakuwa na divisheni 36. Hesabu yake ilikuwa zaidi ya watu nusu milioni, mara tano ya ukomo wa Versailles.

Uingereza iliandika barua ya malalamiko. Barua hiyohiyo iliishia kwa kuuliza kama Kansela bado yu tayari kumpokea Bwana Simon. Ni vigumu kufikiria njia bora zaidi ya kumjulisha mtu kwamba kosa lake limesamehewa kabla hajaomba radhi. Simon alikwenda Berlin Machi 25 akiwa na Anthony Eden, na Hitler akawaambia kwamba jeshi lake la anga limekwishafikia lile la Uingereza. Halikuwa limefikia, lakini maneno hayo yaliitikisa London kwa miaka kadhaa.

Aprili 11 hadi 14 viongozi wa Uingereza, Ufaransa na Italia walikutana Stresa, mji mdogo kando ya ziwa kaskazini mwa Italia. Benito Mussolini ndiye aliyeonekana mkali kuliko wote. Mwaka uliotangulia, Wanazi walipomuua Kansela Engelbert Dollfuss wa Austria, alipeleka askari katika mpaka wa Brenner, na jaribio la kuitwaa Austria likashindwa. Pale Stresa nchi tatu zilitoa tamko la kulinda amani ya Ulaya. Neno hilo, Ulaya, lilikuwa na uzito wake. Mussolini alikuwa tayari anasafirisha majeshi kupitia Mfereji wa Suez kwenda Eritrea na Somalia, Waingereza walijua, na hakuna aliyemuuliza kuhusu Ethiopia. Alichukua ukimya huo kuwa ruhusa.

Kwa nini Uingereza ilisaini

Mei 21, 1935, Hitler alisema Bungeni kwamba yu tayari kuridhika na asilimia 35 ya nguvu za majini za Uingereza. Wiki mbili baadaye Ribbentrop alifika London na kudai kiwango hicho kikubaliwe kwanza, mazungumzo mengine yafuate. Simon alikasirishwa na ukosefu huo wa adabu. Baada ya siku mbili, serikali ilikubali.

Itakuwa si haki kuwaona wakubwa wa London kuwa wajinga. Walikuwa na himaya iliyotapakaa duniani na manowari zisizotosha. Japani ilikuwa imeitwaa Manchuria mwaka 1931 na kuitishia China, na kituo cha majini cha Singapore kilikuwa hakijakamilika. Wanamaji wa Uingereza waliogopa kupigana na Japani na Ujerumani kwa wakati mmoja. Walikumbuka pia mashindano ya kuunda manowari kabla ya 1914, na waliona ni afadhali kuwa na kikomo kilichoandikwa kuliko kutokuwa na kikomo kabisa. Zaidi ya hayo, wananchi wengi wa Uingereza waliamini kwamba Versailles uliwaonea Wajerumani. Mwezi huohuo wa Juni yalitangazwa matokeo ya kura ya maoni ya hiari kuhusu amani, ambayo watu zaidi ya milioni 11 walishiriki, na wengi wao waliunga mkono kupunguzwa kwa silaha.

Hata hivyo, tukitazama kilichonunuliwa na bei iliyolipwa, biashara ilikuwa mbaya. Viwanda vya Ujerumani visingeweza kufikia asilimia 35 kwa miaka mingi hata bila mkataba, kwa hiyo Hitler hakujinyima chochote. Nyambizi, ambazo Versailles ulizikataza kabisa, ziliruhusiwa hadi asilimia 45 ya zile za Uingereza, na hata kufikia usawa kamili iwapo Ujerumani ingeona hali inalazimu. Vita ilipoanza mwaka 1939 ilikuwa nazo 57. Kubwa kuliko yote, Uingereza ilikuwa imekiri kwa saini yake kwamba masharti ya Versailles yanaweza kufutwa kwa mapatano ya watu wawili, wa tatu akiwa hayupo. Kuanzia hapo, kila mji mkuu wa Ulaya ulianza kujiuliza ni lini na wenyewe uende Berlin kutafuta mapatano yake.

Ethiopia, kisha Rhineland

Mussolini hakungoja. Oktoba 3, 1935, majeshi yake yaliingia Ethiopia. Shirikisho la Mataifa liliiwekea Italia vikwazo mwezi uliofuata, lakini mafuta hayakuwamo, na Mfereji wa Suez haukufungwa. Desemba ilifichuka kwamba Hoare, yuleyule wa mkataba wa majini, alikuwa amepanga na Waziri Mkuu wa Ufaransa, Pierre Laval, kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia ili vita iishe. Wananchi wa Uingereza walichukizwa, naye akalazimika kujiuzulu. Wakimbizi wa Kihabeshi walivuka mpaka na kuingia Kenya. Mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva Juni 1936 kueleza mashitaka yake mbele ya mataifa, na mwezi uliofuata vikwazo dhidi ya Italia viliondolewa.

Hitler alikuwa akiyatazama yote hayo. Wadhamini wawili wa Locarno, Uingereza na Italia, sasa walikuwa maadui. Alfajiri ya Jumamosi, Machi 7, 1936, akitoa kisingizio cha mkataba wa Ufaransa na Urusi uliokuwa umeidhinishwa na Bunge la Ufaransa siku chache kabla, aliamuru majeshi yaingie Rhineland. Batalioni tatu tu ndizo zilizovuka mto na kusonga mbele hadi Aachen, Trier na Saarbrücken. Majenerali wake walikuwa na wasiwasi mkubwa, na baadaye Hitler mwenyewe alikiri kwa watu wake kwamba saa 48 zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zote, kwani Wafaransa wangeingia, Wajerumani wangelazimika kurudi nyuma kwa aibu.

Wafaransa hawakuingia. Waziri Mkuu Albert Sarraut alitangaza redioni kwamba hawezi kuuacha mji wa Strasbourg chini ya mizinga ya Wajerumani, lakini jeshi lake halikuwa na kikosi chepesi kilicho tayari. Jenerali Maurice Gamelin alisema kwamba hatua yoyote ya maana ingehitaji kuwaita askari wa akiba, na makadirio yake ya nguvu za adui yaliwahesabu hata wanamgambo na vijana wa kambi za kazi. Uchaguzi ulikuwa umebaki majuma machache. Paris iliitazama London, na London ilisema kwamba Wajerumani walikuwa wameingia katika uwanja wa nyumba yao wenyewe.

Wapo wanaosema kwamba siku hiyo vita ya dunia ingeweza kuzuiwa kwa risasi chache. Mwandishi wa makala haya haamini kwamba jambo lilikuwa jepesi kiasi hicho, maana Ufaransa ingelazimika kuingia peke yake ikilaumiwa na dunia kuwa mchokozi. Lakini upweke huo haukushuka kutoka mbinguni. Baraza la Shirikisho la Mataifa lilikutana London, na Machi 19 likatamka kwamba Ujerumani imevunja mkataba. Nchi iliyokuwa imesaini mapatano ya majini miezi tisa kabla isingeweza kuomba adhabu kwa sauti ya juu.

Matokeo yalionekana upesi. Oktoba 1936 Mfalme Leopold wa Tatu alitangaza kwamba Ubelgiji inarudi kwenye msimamo wa kutofungamana na upande wowote. Ngome za Maginot za Ufaransa, zilizogharimu mabilioni ya faranga, hazikuendelezwa kwa uzito uleule kwenye mpaka wa Ubelgiji, nchi iliyotarajiwa kuwa rafiki. Pengo hilo lilikuja kuonekana Mei 1940.

Tanganyika mezani

Sehemu moja ya mazungumzo hayo inatuhusu moja kwa moja. Siku ileile ya Machi 7, 1936, Hitler alitaja usawa katika suala la makoloni kuwa moja ya madai yake. Tanganyika, iliyokuwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Wajerumani walikuwa wameruhusiwa kurudi tangu 1925, na katika miaka ya 1930 walikuwapo kwa maelfu, hasa katika mashamba ya kaskazini na nyanda za juu za kusini. Wahindi wafanyabiashara na walowezi wa Kiingereza waliishi kwa hofu ya kuamka siku moja chini ya bendera ya Nazi.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Machi 3, 1938, Balozi wa Uingereza mjini Berlin, Nevile Henderson, alimpelekea Hitler pendekezo la Chamberlain la kugawa upya maeneo ya Afrika ya Kati, ambapo Ujerumani ingepata sehemu yake. Ubelgiji na Ureno, ambazo ardhi za makoloni yao zingeguswa, hazikuulizwa. Waafrika hawakufikiriwa hata kuulizwa. Hitler alijibu kwamba suala la makoloni linaweza kusubiri miaka minne, sita, minane au kumi. Siku tisa baadaye majeshi yake yaliingia Austria. Safari hii Mussolini hakupeleka askari Brenner.

Munich na baada yake

Septemba 1938 Chamberlain, mwenye umri wa miaka 69, alipanda ndege mara tatu kwenda Ujerumani. Usiku wa Septemba 29 kuamkia 30, Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani ziliikata Chekoslovakia sehemu yake ya mpakani, pamoja na ngome zake. Wajumbe wa Chekoslovakia walikuwa Munich, wakisubiri hotelini kuambiwa nini kimeamuliwa. Poland nayo iliingia na kujitwalia kipande chake cha Teschen. Mtindo ulikuwa uleule wa Juni 1935, isipokuwa asiyekuwapo mezani safari hii ndiye aliyekuwa akikatwa.

Kilichobaki cha nchi hiyo kilitekwa Machi 15, 1939. Hitler alijigamba Bungeni Aprili 28 kwamba ameikuta huko hazina ya vifaru 469 na bunduki zaidi ya milioni moja, mbali na viwanda vya Škoda. Vifaru vya Kicheki vilitumika baadaye kuivamia Poland na Ufaransa.

Uingereza, ambayo Machi 31 ilikuwa imeiahidi Poland msaada, sasa ilianza kutafuta ushirikiano na Urusi, lakini kwa mwendo wa pole na bila imani. Agosti 23 Ribbentrop, mtu wa London wa 1935, alikuwa Moscow akisaini mapatano na Vyacheslav Molotov.

Mkataba wa majini ulikuwa umekwisha kufa. Katika hotuba ileile ya Aprili 28, Hitler aliufuta pamoja na mkataba wa kutoshambuliana ambao nchi yake ilisaini na Poland mwaka 1934. Alfajiri ya Septemba 1, 1939, moja ya manowari za kizamani ambazo Versailles uliiachia Ujerumani, iliyoitwa Schleswig-Holstein, ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Danzig kwa kisingizio cha ziara ya heshima. Iligeuza mizinga yake na kuifyatulia ngome ya Wapolandi ya Westerplatte.